Bata wa Bonane: mwache wa ziwani, anza na wa uani

Mvua za Septemba zikishakolea, watu wakaanza kuhesabu wiki zilizobaki kabla ya Noeli na Bonane, swali huwa ni lilelile: bata wa mwituni wanapatikana wapi karibu na Goma, na mtu afanyeje ili apate mmoja au wawili wa kutia sufuriani? Wengine huuliza habari ya bunduki, wengine ya mitego, na wengine wanataka tu kujua kama ndege waliofungwa kamba miguuni na kuuzwa kando ya barabara wanafaa kuliwa. Jibu la makala hii ni moja, na litawaudhi baadhi yenu: kwa mazingira yetu, bata wa mwituni ni nyama ya gharama kuliko zote, hata anapopatikana bure. Anayetaka bata mezani tarehe 25 Desemba, kazi yake inaanza mwishoni mwa Juni, uani kwake, kwa jike linaloatamia.

Ni ndege gani hasa wanaoulizwa?

Kuna makundi mawili, na mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni la wageni. Baridi inapoanza kuzifunga nchi za kaskazini, bata wadogo wanaozaliana kutoka Ulaya hadi Siberia hushuka Afrika, na wengi huonekana kwenye maziwa ya Afrika Mashariki kati ya Oktoba na Machi. Anayejulikana zaidi ni yule ambaye Wafaransa humwita sarcelle d'été, bata mdogo asiyefikia hata nusu kilo. Kundi la pili ni wenyeji wanaokaa kwetu mwaka mzima: bata wa mdomo wa njano, bata wa uso mweupe anayepiga mluzi usiku, bata bukini wa Misri anayeonekana sana kando ya ziwa Edward, na bata bukini mkubwa mwenye mwiba kwenye bawa. Kwa hiyo wanaposema "msimu wa bata" wanasema kweli nusu tu. Wageni wana msimu. Wenyeji hawana, na mwezi ambao mwindaji anaona unafaa unaweza kuwa ndio mwezi wanaolea makinda.

Goma yenyewe si nchi ya bata. Ziwa Kivu lina kingo za mawe zinazozama ghafla, na mabwawa yenye matete ni machache. Anayewataka kwa wingi itabidi aende kaskazini hadi ziwa Edward na mto Rutshuru, au apande Masisi hadi maziwa ya Mokoto. Matatizo yanaanzia hapo.

Sheria inasema nini

Sehemu ya ziwa Edward iliyo upande wa Kongo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ikaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1979, na mwaka 1996 ikaandikwa pia katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ndani ya hifadhi hakuna uwindaji wa aina yoyote, si wa tembo wala wa bata. Uvuvi wa Vitshumbi, Kyavinyonga na Nyakakoma ni ruhusa ya samaki, haimgusi ndege. Nje ya hifadhi inatumika sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 kuhusu uwindaji, inayomtaka mwindaji awe na kibali, pamoja na sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa viumbe. Kibali cha uwindaji na kibali cha silaha ni karatasi mbili tofauti, na moja haimalizi kazi ya nyingine.

Wapo watakaosema: mzee wetu alikuwa akiwinda Mokoto na hakuna aliyemwuliza kitu. Ni kweli, lakini mzee huyo hakuishi katika jimbo lililowekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, wala hakuona vita vikiingia Goma kama ilivyokuwa Januari 2025. Leo mtu anayeonekana alfajiri na bunduki kando ya maji hatambuliwi kwanza kama mwindaji. Kila upande unamdhani ni wa upande mwingine, na anayemwona huenda asisubiri maelezo. Tena mapigano ya Sake, Mugunga na Kibati yameacha mabomu ambayo hayajalipuka, na majani marefu ya bwawani ni mahali pabaya pa kukanyaga bila kuona.

Saa ya mwindaji ndiyo saa ya mazuku

Hatari hii haimo katika kitabu chochote cha uwindaji cha Ulaya, kwa hiyo tuikazie. Bata huwindwa alfajiri na jioni, mtu akiwa amejificha chini, mahali pa bonde, karibu na maji, siku isiyo na upepo. Sasa yatazameni masharti ya mazuku: hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini kwenye nyufa za volkano, nzito kuliko hewa ya kawaida, inayokaa mabondeni, na inayojaa zaidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo wa kuitawanya. Ni masharti yaleyale, neno kwa neno. Maeneo ya magharibi ya mji, kuanzia Himbi na Keshero hadi Mugunga, Bulengo na ziwa la kijani liitwalo Lac Vert, yanajulikana kwa mazuku, na yameua watu na mifugo. Hewa hiyo haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu. Aliyelala kifudifudi kwenye majani akingoja bata atue ameweka pua yake mahali pabaya kuliko pote. Ukikuta bondeni mbuzi, panya au ndege wamekufa bila jeraha, usishuke kuwaokota. Rudi ulikotoka, panda juu, na uwaite wenzako warudi.

"Lakini mimi nanunua tu"

Hili ndilo pingamizi la kawaida zaidi: mtu hana bunduki, hana mtego, ananunua tu kwa kijana aliyemletea. Swali la kumwuliza kijana ni jepesi: huyu aliuawa kwa kitu gani? Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, watafiti wa ndege walionyesha kwa miaka mingi jinsi wawindaji wanavyotia dawa ya wadudu ya Furadan kwenye konokono na mpunga, wakaweka ndege hai wa kuwavuta wengine, kisha wakaokota bata na korongo waliolewa sumu na kuwauza kama kitoweo. Baada ya habari za simba waliouawa kwa dawa hiyohiyo kusambaa, mtengenezaji aliiondoa katika soko la Kenya mwaka 2009, lakini dawa za aina yake hazikwisha katika eneo hili. Anayekula ndege wa namna hiyo anakula sumu iliyobaki, na kwa mtoto mdogo kiasi kidogo kinatosha kuleta madhara.

Mwache muuzaji aende zake ukiona dalili hizi:

- ndege wengi wa siku moja, wote bila jeraha la risasi, jiwe au kamba ya mtego;
- ndege aliye hai lakini anatetemeka, anatokwa na mate, shingo imelegea;
- firigisi iliyopasuliwa ikiwa na punje zenye rangi ya zambarau au buluu isiyo ya nafaka;
- matumbo yaliyokwisha kutolewa na muuzaji "kukusaidia".

Na aliyepigwa risasi je? Huyo ana vipande vya risasi nyamani, na katika nchi nyingi risasi za bunduki bado hutengenezwa kwa madini mazito ya risasi, ambayo hayafai kabisa kwa wajawazito na watoto. Yule bata bukini mkubwa mwenye mwiba kwenye bawa ana jambo jingine lake peke yake: mahali anapokula mbawakawa fulani wenye sumu iitwayo kantharidini, hasa imeonekana Gambia, nyama yake hubeba sumu hiyo, na moto wa jiko hauiondoi. Miligramu 10 zinaweza kumuua mtu mzima. Hakuna atakayekuambia ndege uliyeletewa alikula nini wiki iliyopita.

Ongezeni mafua ya ndege. Mwaka 2017 virusi vya H5N8 viliwaua ndege wa mwituni kwenye ufuko wa ziwa Victoria karibu na Entebbe mwezi Januari, na mwaka huohuo vikathibitishwa Ituri, kandokando ya ziwa Albert, miongoni mwa bata wa kufugwa. Bata wa mwituni anaweza kubeba virusi vya namna hii bila yeye mwenyewe kuugua. Kwa hiyo hasara haimpati mlaji tu: manyoya na matumbo yakitupwa uani yanaweza kumaliza kuku wa majirani wote. Ukikuta ndege waliokufa kwa wingi, usiwashike kwa mikono. Toa habari kwa veterineri au kwa ofisi ya kilimo na mifugo ya jimbo.

Ndege mmoja hawezi kumaliza ziwa?

Mmoja, hapana. Lakini katika jimbo hili mmoja hajawahi kubaki mmoja. Ziwa Edward na mito yake ilikuwa na viboko karibu 30,000 katika miaka ya 1970. Kufikia mwaka 2005 walikuwa chini ya 1,000, na hakuna mtu hata mmoja aliyeamua kuwamaliza. Kila aliyepiga alipiga wake tu. Wavuvi walilipa, maana samaki walikuwa wakifaidika na samadi ya viboko majini. Na kwa bata hesabu ya nyama yenyewe ni ya kusikitisha: yule mgeni wa Siberia akishanyonyolewa na kutolewa matumbo hajazi hata sahani ya mtoto mkubwa. Dume moja la bata wa kufugwa, yule mwenye uso mwekundu wa vinundu aliyeenea Kongo nzima na ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini, hufika kilo 4 au 5. Ungehitaji wageni kumi wa ziwani kufikia uzito wake.

Hesabu siku kurudi nyuma

Kosa linalowaangusha wengi ni kuanza Oktoba. Bata huyu wa kawaida huatamia siku 35, wiki mbili zaidi ya kuku, na anayelishwa kwa mabaki ya nyumbani huhitaji takribani miezi minne na nusu kufikia uzito wa kuliwa. Mayai yaliyoanza kuatamiwa mwisho wa Juni au siku za kwanza za Julai huanguliwa mwanzoni mwa Agosti, na vifaranga wanakuwa tayari Noeli. Ukiwa na chakula bora na cha kutosha, unaweza kusogea hadi katikati ya Agosti: wataanguliwa karibu na tarehe 20 Septemba na kuwa na wiki 14 sikukuu ikifika. Baada ya hapo unawalea wa Pasaka.

Anza na dume moja kwa majike manne au matano. Chini ya jike usiweke mayai zaidi ya 15, kwa sababu yale ya pembeni hupoa na kuoza. Usikusanye mayai kwa zaidi ya siku 10 kabla ya kuyaatamisha, na usiyaoshe. Majike ya aina hii ni walezi wazuri, kwa hiyo usitafute mashine wala makaa: mwache mama afanye kazi yake, wewe mlinde na panya na paka.

Banda juu ya mawe ya volkano

Watu husema Goma haifai bata kwa kuwa hakuna mabwawa na ardhi ni mawe matupu. La bwawa ni imani tu. Bata hahitaji kuogelea ili anenepe. Anahitaji chombo cha maji chenye kina cha kuzamisha kichwa chote, aoshe macho na pua. Bidoni la lita 20 lililokatwa kwa urefu linatosha bata kadhaa, mradi maji yabadilishwe kila asubuhi. La mawe ni kweli, lakini lina dawa. Mawe ya mlipuko wa Nyiragongo wa 2002, na ya 2021 kwa wale wa upande wa Buhene, yana ncha zinazochana nyayo. Jeraha huvimba, bata huchechemea, huacha kula. Mwaga udongo, kisha vumbi la mbao au majani makavu ya kutosha kufunika ncha zote, na ongeza kila yanapolowa. Uzuri wa mawe hayohayo ni kwamba maji hunyonywa upesi, na tope, ambalo ndilo adui wa bata mahali pengine, hapa si tatizo kubwa.

Banda la mbao kama nyumba zetu linafaa. Weka bata watatu kwa mita moja ya mraba, si zaidi. Acha nafasi ya hewa juu, ziba chini. Mambo mawili hayana mjadala. Usijenge banda shimoni au kwenye kona iliyo chini kuliko uwanja, hasa magharibi mwa mji, kwa sababu ya mazuku: bata anaishi karibu na ardhi, atakufa kabla hujajua kuna nini. Na usipeleke uchafu wa banda ziwani wala usiwachunge bata mahali watu wanapochota maji. Mji huu unakijua kipindupindu vya kutosha. Samadi ipeleke shambani au kwa jirani mwenye bustani.

Wale nini

Hakuna haja ya chakula cha kiwandani peke yake. Pumba za mahindi ndizo msingi. Vumbi na vipande vya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, vinavyobaki kwenye vyombo vya wauzaji wa soko la Kituku ni protini bora kwa bei ndogo. Lenga-lenga na majani ya matembele yaliyokatwakatwa wanayapenda. Mabaki ya mtama ya pombe ya kasiksi, yakiwa mapya, yana hamira yenye vitamini ambayo vifaranga vya bata wanaihitaji kuliko vya kuku. Wanapoikosa, miguu hupinda na wanashindwa kusimama. Wengi huona dalili hiyo wakadhani ni ugonjwa, wakanunua dawa.

Vitu ambavyo visiingie kamwe kwenye chombo chao:

- mahindi au mashudu ya karanga yenye ukungu. Mwaka 1960 Uingereza ilipoteza bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa sumu ya ukungu wa karanga, na vifaranga vya bata ni dhaifu zaidi mbele ya sumu hiyo;
- mabaki ya makayabo na vyakula vyenye chumvi nyingi;
- maharage mabichi, maganda ya viazi yaliyogeuka kijani, na maganda ya muhogo mchungu;
- unga mkavu mahali pasipo na maji karibu, maana bata hunywa kila anapomeza, na bila maji hukabwa.

Makosa yanayorudiwa

Kubwa kuliko yote ni kuwaogesha vifaranga. Kifaranga aliye na mama hupakwa mafuta ya manyoya ya mama yake. Asiye na mama hulowa, hushikwa na baridi na kufa, na usiku wa Goma, kwenye mita takribani 1,460 juu ya usawa wa bahari, baridi yake si ya mchezo. Kwa mwezi wa kwanza weka mawe ndani ya chombo cha maji, waingize midomo bila kuingia wao.

La pili ni kuwalaza pamoja na kuku. Bata anaweza kubeba virusi vya kideri bila kuonyesha dalili, kisha ukapoteza kuku wote huku bata wakitembea. Tenga mabanda, na chanja kuku. Dawa za kuku usiwape bata kabla ya kumwuliza veterineri, kwa kuwa baadhi huwadhuru. La tatu ni mayai yasiyoiva: mayai ya bata hutagwa mahali pachafu na huweza kubeba salmonela, kwa hiyo chemsha hadi kiini kikauke kabisa.

Kuhusu bata bukini, wale wakubwa weupe au wa kijivu, neno ni fupi. Wanakula majani kuliko nafaka, wanahitaji uwanja, na wanapiga kelele kila mgeni anapopita. Mwenye eneo pana la nyasi anaweza kuwajaribu. Mwenye uwanja wa mita kumi kwa kumi Majengo au Katoyi atagombana na majirani kabla ya mwezi kuisha.

Na kama tayari ni Novemba?

Basi kuatamisha kumekwisha. Nunua bata hai kwa mfugaji unayemjua. Chagua mwenye macho makavu, kifua chenye nyama unapopapasa pande mbili za mfupa, nyayo zisizovimba, kinyesi kisichokuwa cha kijani cha majimaji. Akifika nyumbani mweke peke yake wiki mbili, mbali na kuku wako, umlishe mahindi yaliyovunjwa na sambaza. Usimchinje akiwa na manyoya machanga yanayoota, utanyonyoa hadi jua lizame. Mchinje asubuhi, iache nyama ipoe, ipike kwa moto mdogo hadi iachane na mfupa, mafuta yaliyopanda juu uyakusanye kwa ajili ya sombe ya siku inayofuata.

Ukipita kando ya maji na kuwaona wale wageni wametua, watazame ukiwa juu, mahali penye upepo. Mwezi Machi wataanza safari ya kurudi kaskazini. Jike lako, ukilitunza, litataga tena kabla ya hapo.